Tasnifu zinarudi zimechomoka, na akiba inatosha mashine moja tu

Swali

Ndugu washauri, habari za kazi.

Nina steshenari karibu na chuo hapa Morogoro, huu ni mwaka wa tatu. Natoa kopi, naprinti, na nabaindi kwa ile mashine ya mkono ya kutoboa na kuvalisha plastiki, ambayo wateja wote wanaiita spairo. Kazi ipo, ila malalamiko nayo yameongezeka.

Tasnifu za karatasi 150 hivi zinarudi baada ya wiki mbili tatu, plastiki imeachia na karatasi za mbele na za nyuma zimechanika kwenye matundu. Kazi nyingine tundu la mwisho la chini linatoka nusu, limekata ukingo wa karatasi. Tena ile plastiki angavu ya juu inanasa maandishi: mtu akiifunua, jina la chuo limehamia kwenye plastiki.

Mezani sasa nina ripoti za fildi za karatasi 40 mpaka 60, ambazo ndizo nyingi, tasnifu, na kitabu cha nyimbo cha kwaya, kurasa 58 za A5, nakala 100. Kuna na daftari la hesabu la kikundi cha VIKOBA, karatasi 100, nao wanataka lidumu miaka mitatu.

Nimeweka akiba ya shilingi milioni moja na nusu. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue mashine ya mezani ya gundi ya moto. Anasema itafanya kazi hizi zote na kila kitu kitatoka kama kitabu cha dukani. Ninunue?

*Mwenye steshenari, Morogoro*

Jibu

Dada yetu, salama.

Mashine hiyo usiinunue sasa. Sababu tutazitoa, ila tuanze na ile uliyonayo, kwa kuwa yote matatu uliyoyataja yanatokana na vipimo na vifaa vidogo, na unaweza kuyarekebisha wiki hii kwa kununua pakiti chache tu za plastiki.

Kwanza jina, maana linaleta hasara dukani. Hiyo plastiki yako ni kitana: ina mgongo mmoja mrefu na meno yanayojikunja, 21 kwa karatasi ya A4, na yanaingia kwenye matundu ya mstatili. Spairo yenyewe ni uzi mmoja wa plastiki uliojisokota kama springi, unazungushwa kupita matundu madogo ya duara zaidi ya 40. Halafu kuna waya wa mapete mawili mawili, ule wa kalenda. Mashine inayotoboa kwa ajili ya kimoja haifai kwa kingine, kwa hiyo ukiagiza mzigo, agiza kwa idadi ya matundu na kipenyo. Neno spairo peke yake litakuletea boksi usiloweza kulitumia.

Sasa kitana kuachia. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo karatasi 100 ni milimita 10 na rimu nzima ni sentimita 5 hivi. Chukua unene wa kazi, ongeza milimita 4, kisha tumia kitana cha kipenyo hicho au kinachofuata juu yake. Karatasi 40 zinataka kitana cha milimita 8, 60 zinataka 10, au 12 kama jalada la nyuma ni nene, na 100 zinataka 14. Tasnifu ya karatasi 150 ni milimita 15, ukiongeza 4 unapata 19, basi hapo unavalisha kitana cha 20. Tunashuku umekuwa ukitumia cha 16, kwa sababu karatasi 150 kweli zinaingia humo ukizibana. Zinaingia, ila meno hayafiki nyumbani kwake. Funga kazi uiangalie mgongoni: ncha za meno zinatakiwa zizame zilale chini ya mgongo wa kitana, zisionekane kabisa. Ukiziona zimechungulia hata kidogo, kila ukurasa utakaofunuliwa utazisukuma nje, na jino moja likishatoka, la jirani linalifuata. Kitana kikubwa kupita kiasi nacho si salama, karatasi zinacheza ndani na kuyapanua matundu.

Usikiache kitana kimetanuliwa kwenye mashine ukaenda kumhudumia mteja mwingine, wala boksi la vitana lisikae dirishani juani. Plastiki hiyo inategemea kumbukumbu ya mkunjo wake, na joto pamoja na kuvutwa muda mrefu vinaifanya isahau.

Kuchanika kuna sababu mbili, na mara nyingi zinakuja pamoja. Ya kwanza ni wingi wa karatasi kwa mkupuo mmoja. Mashine imeandikwa karatasi 12 au 15, lakini hiyo ni kwa meno mapya na karatasi kavu. Weka 8 mpaka 10, na plastiki ya juu itoboe peke yake pamoja na karatasi mbili chakavu, moja juu na moja chini, ili tundu litoke safi. Ukizidisha, karatasi za chini hazikatwi, zinararuliwa, na tundu lililoraruliwa lina nyuzi pembeni ambazo ndizo zinazoanza kuchanika. Kazi ikichanika mbele na nyuma tu, kama unavyosema, ujue karatasi hizo ndizo zinazobeba mzigo wote kitabu kinapofunguliwa. Ya pili ni umbali wa tundu kutoka ukingoni. Mashine nyingi zina kifundo cha kurekebisha umbali huo. Kwa ripoti nyembamba tundu likae milimita 2 hadi 3 kutoka ukingo; kwa tasnifu lisogeze ndani, 4 hadi 5, maana pete kubwa inavuta kwa nguvu zaidi. Kama mashine yako haina kifundo hicho, basi karatasi 150 ndiyo mwisho wake wa haki.

Tundu lililokata ukingo wa chini ni kosa la kizuizi cha pembeni, kile kinachosukumwa kulingana na ukubwa wa karatasi. Kimelegea, au mtu alitoboa A5 akasahau kukirudisha. Chukua karatasi moja ya A4, toboa, ikunje katikati kwa urefu wake juu ikutane na chini. Matundu yakilaliana sawasawa, kizuizi kipo mahali pake. Fanya hivyo kila asubuhi kabla ya kazi ya mteja wa kwanza. Na mwaga makombo ya karatasi kwenye droo ya chini mara kwa mara, kwa sababu droo ikijaa makombo yanapanda mpaka kwenye meno, mkono unakuwa mzito, na wewe unadhani mashine imezeeka.

Kuhusu maandishi kuhamia kwenye plastiki: karatasi angavu za PVC zina mafuta ya kuilainisha plastiki, na mafuta hayo yanayeyusha wino wa unga wa mashine za leza na za fotokopi. Joto na uzito wa vitabu vilivyopangwa juu yake vinaharakisha. Weka karatasi nyeupe tupu kati ya plastiki na ukurasa wa kwanza, au badili ununue plastiki za polipropilini, ambazo hazinasi wino. Za polipropilini ni laini kidogo na hazing'ai kama PVC. Ukiwa dukani, soma maandishi kwenye pakiti, usiamini macho.

Hayo yakikaa sawa, ripoti za fildi zimekwisha. Kitana cha 8, 10 au 12, plastiki ya juu, karatasi ngumu ya nyuma. Msimamizi akitaka ukurasa wa 17 ubadilishwe, unafungua, unabadilisha, unafunga, na mwanafunzi anafurahi.

Na hapo ndipo ulipo msingi wa kuchagua. Muulize mteja swali hili kabla ya kuuliza idadi ya karatasi: kuna siku karatasi itahitaji kutoka humu? Kwa ripoti na miongozo ya mafunzo, ndiyo. Kwa daftari la VIKOBA, hapana kabisa. Daftari la hesabu lililovalishwa kitana, mtu yeyote mwenye mashine kama yako anaweza kuchomoa karatasi ya mwezi wa tatu na kurudisha nyingine, na hakuna atakayejua. Pesa za watu haziwekwi kwenye kitu kinachofunguka.

Daftari hilo lishone. Panga karatasi 100, juu na chini weka karatasi mbili mbili tupu zilizo ngumu kidogo, gonga mgongo mezani mpaka zilingane, kisha zibane kwa jiriwa kati ya mbao mbili. Pima milimita 8 kutoka mgongoni, chora mstari, weka alama tano: moja katikati, mbili sentimita 2 kutoka kila mwisho, na mbili kati yao. Toboa kwa drili ya kipande cha milimita 1.5. Usitumie msumari na nyundo, unasukuma karatasi pembeni na matundu ya chini hayatalingana na ya juu. Tumia uzi wa fundi viatu uliopakwa nta, urefu mara nne ya mgongo. Anzia tundu la katikati, ukiacha mkia wa sentimita 10. Nenda mpaka mwisho mmoja ukiingia na kutoka, rudi ukijaza nafasi ulizoruka, pita katikati uende mwisho wa pili, urudi ufunge fundo. Vuta kila pigo la uzi sambamba na mgongo. Ukivuta kuelekea nje unachana karatasi. Mshono wa hivi haulazi kitabu bapa, kwa hiyo mistari ya daftari iachie nafasi ya sentimita 3 na nusu au 4 kushoto, na hilo mwambie mteja kabla hujachapa karatasi hata moja.

Tasnifu inahitaji majibu mawili. Vyuo vingi hupokea nakala za kusahihishwa kwanza, halafu nakala ya mwisho yenye jalada gumu baada ya masahihisho. Nakala za kwanza zipe kitana cha 20. Nakala ya mwisho ishone kama daftari la VIKOBA, kisha ijalidi. Mwongozo wa chuo cha mwanafunzi uangalieni pamoja: rangi ya jalada, maandishi ya mgongoni, na ukingo wa kushoto, yaani nafasi tupu kabla ya maandishi. Akija na ukingo wa sentimita 2 na nusu, mrudishe apange upya, maana baada ya mshono maneno ya mwanzo wa mstari yatakuwa yamezama bondeni.

Vipimo vya jalada gumu kwa tasnifu ya A4 yenye unene wa milimita 15 ni hivi. Kata kadibodi mbili za kijivu za unene wa milimita 2.5, kila moja urefu milimita 303 na upana 207. Kata utepe wa mgongo wa urefu huo huo na upana wa 20, yaani unene wa karatasi pamoja na unene wa kadibodi mbili. Reksini, kile kitambaa cha jalada chenye sura ya ngozi, iwe milimita 490 kwa 343. Paka gundi nyeupe safu nyembamba, laza utepe katikati, acha nafasi ya milimita 8 kila upande, kisha laza kadibodi. Nafasi hiyo ya 8 ndiyo bawaba ya jalada. Ukiipunguza ikawa 4 au 5, jalada litafunguka nusu na kuivuta karatasi ya kwanza mpaka ing'oke, na utalaumu gundi bure. Pembe za reksini zikate mshazari ukiacha milimita 4 kutoka ncha ya kadibodi. Ukikata kwenye ncha yenyewe, kijivu kitachungulia. Kunja kingo za juu na chini kwanza, halafu za pembeni.

Unapobandika karatasi tupu za mwanzo na za mwisho kwenye jalada, tia plastiki au karatasi ya nta nyuma ya kila moja, kati yake na kurasa nyingine, ili unyevu usipenye. Kandamiza usiku kucha chini ya mbao na rimu kumi za karatasi, ambazo ni kilo 25. Jalada linalopinda kama kigae limefanyiwa moja ya makosa mawili: gundi ilikuwa nyingi na ya majimaji, au kadibodi ilikatwa kinyume cha nyuzi zake. Kadibodi ina mwelekeo. Ipinde kidogo kwa mikono kwa urefu, kisha kwa upana. Upande inakokubali kupinda kwa urahisi ndiko mkunjo unakofuata nyuzi, na nyuzi zinatakiwa ziende sambamba na mgongo wa kitabu.

Kazi hii haiishi chini ya saa 24. Andika ukutani kwa herufi kubwa, maana watakuja jioni wakitaka kukabidhi asubuhi.

Kitabu cha kwaya ni rahisi kuliko vyote na kinataka pini mbili za katikati. Kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne, kwa kuwa kila karatasi ya A4 iliyokunjwa ina kurasa nne za A5. Zako ni 58, zifanye 60, mbili zibaki tupu au waweke sala. Ni karatasi 15. Kwa pini za katikati usizidi karatasi 16 za gramu 80, zaidi ya hapo kitabu kinabinuka na kugoma kufunga. Chagua kuprinti kwa mpangilio wa kijitabu, pande mbili, karatasi igeuke kwa upande mfupi. Halafu kagua kwa hesabu hii: kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi lazima jumla yake iwe 61. Ya 1 inakaa na ya 60, ya 2 na ya 59, ya 30 na ya 31. Jumla ikiwa tofauti mahali popote, simamisha mashine kabla hujapoteza rimu tatu.

Nakala 100 ni karatasi 1,500 pamoja na manila 100 za jalada. Manila ichore kwanza mstari wa mkunjo kwa rula na kalamu ya biki iliyokauka, vinginevyo itapasuka mgongoni. Piga pini kabla ya kukunja, kutoka nje kwenda ndani, ili ncha zake zijikunje katikati ya kitabu na zisikwaruze vidole vya waimbaji. Kila pini ikae sentimita 5 kutoka juu na kutoka chini. Kwa hili unahitaji stepla ya mkono mrefu inayofika katikati ya A4. Pini za 24/6 zinatosha karatasi 15 na jalada. Kunja, kandamiza mkunjo kwa mgongo wa kijiko, kisha kata ukingo wa mbele milimita 2 au 3. Ukataji huo hauepukiki, karatasi za ndani hutokeza mbele ya za nje kwa sababu zimekumbatiwa. Kwa hiyo namba za kurasa na maneno ya nyimbo yakae angalau sentimita 1 kutoka ukingo. Kama vitabu vinakwenda Tanga au Unguja, tafuta pini zilizopakwa madini yasiyoshika kutu, la sivyo baada ya masika mawili mgongo utakuwa na madoa ya kahawia.

Sasa mashine ya gundi. Ina kazi yake nzuri: vitabu vingi vya aina moja, vya unene wa milimita 5 na kuendelea, vinavyosomwa kwa kushikwa mkononi. Hakuna hata moja kati ya kazi zako nne iliyo hivyo. Gundi yake inataka joto la nyuzi 160 hadi 180, na mashine inachukua dakika 20 au 30 kufika hapo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, inapoa na unaanza upya. Gundi ikipashwa mara nyingi inageuka rangi na kuwa kavu, kitabu kinavunjika mgongoni kama biskuti. Ripoti ya karatasi 40 ina mgongo wa milimita 4 tu, gundi haina pa kushika. Na jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: kitabu cha gundi kinatoka mashineni na kingo zisizolingana, kinahitaji gilotini ya kukata kingo tatu. Kuwa na mashine ya gundi bila gilotini ni kuwa na kazi nusu.

Siku mteja akitaka kitabu cha gundi, nakala tano au kumi, fanya kwa mkono. Bana karatasi zikiwa zimelinganishwa, mgongo umetokeza. Uinamishe upande mmoja kwa kiganja mpaka karatasi ziteleze na kila moja ioneshe ukingo mwembamba, upake gundi nyeupe ya vitabu kwa brashi, safu nyembamba. Uinamishe upande wa pili, upake tena. Gundi inakuwa imeingia kidogo kati ya kila karatasi na jirani yake, na ndiyo nguvu yake. Nyoosha, bana kwa nguvu, bandika kipande cha bafta mgongoni, acha saa mbili kabla ya jalada na siku nzima kabla ya kufunguliwa. Gundi ya maseremala usiitumie, ikikauka inakuwa ngumu na kupasuka kitabu kinapofunuliwa.

Katika akiba yako, nunua kwanza stepla ya mkono mrefu, kikata karatasi kizuri chenye kibanio, jiriwa mbili, drili ndogo, na vitana vya 8, 10, 12, 14 na 20. Kinachobaki kiweke kwa mashine ya waya wa mapete mawili. Hiyo ndiyo utakayoihitaji baadaye, kwa sababu kazi ya waya inageuka mpaka nyuma na kulala bapa, na wateja wa kalenda na miongozo ya semina wataiomba. Ukifika kuinunua, chagua yenye matundu matatu kwa kila inchi kama kazi zako hazizidi karatasi 120. Kwa kazi nene zaidi ni matundu mawili kwa inchi, na hizo ni mashine mbili tofauti.